Nyani Hajui Mota

Jumatatu, 5 Juni 2017

Umeme umekatika tena wakati wa chai. Maji ya mto Mubuku yanageuzwa umeme kule Bugoye, juu ya vichwa vyetu, halafu nyaya zinaipita Kasese kama mgeni asiyetaka kusalimia. Nimeliandika hili. Nimelisema redioni. Hakuna aliyejibu. Nitalisema tena.

Hotuba yangu ya redio ya Jumatano haijaandikwa. Mezani, mahali pa karatasi, kuna bunduki.

Si bunduki. Kitu cha kuchezea cha Wazungu. Plastiki nyeusi, kinaendeshwa kwa betri, kinatema vigololi vya plastiki vidogo kama punje za mtama. Wanaume wazima huko kwao hurushiana vichakani siku ya mapumziko. Hawajaona kitu. Wangekuwa hapa Novemba iliyopita, risasi za kweli zilipolia mjini, wasingetamani mchezo huo. Na mimi, niliyewahi kuandika kwamba mtoto asipewe hata fimbo yenye umbo la bunduki, ninayo moja kando ya kikombe changu. Najidharau.

Ni ya Mbambu, dada yangu. Aliinunua Bwera, soko la mpakani, kwa Mama Kavira, Mkongo anayeuza mitumba. Mbambu ana shamba la mahindi Munkunyu, pembeni mwa hifadhi. Nyani wanatoka hifadhini kuyala. Na nyani hawamwogopi mwanamke. Kila anayelima kando ya hifadhi anajua. Mwanamume akisimama tu, wanarudi. Mwanamke akipiga kelele na kupiga debe, wanaendelea kutafuna wakimtazama usoni.

Mume wa Mbambu alifariki mwaka jana. Kwa hiyo kila alfajiri dada yangu huvaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, mabuti ya marehemu, na kushika hii plastiki. Ncha ilikuwa na rangi ya machungwa. Ameipaka kiwi ya viatu, kwa sababu bunduki za walinzi wa hifadhi hazina ncha ya machungwa na nyani wanazijua vizuri. Ilifanya kazi. Kigololi kimoja kwenye tako la dume, kundi zima linageuka.

Wiki iliyopita ikanyamaza. Akaniletea. Mimi ndiye mwenye macho ya kusoma vitu.

Hili si suala la nyani peke yake. Ndugu wa marehemu, jina lake Kule, analitaka shamba. Baraza la ukoo lilikaa baada ya msiba likasema: shamba litakaa kwa anayeweza kulilinda. Mavuno haya yataamua. Mbambu akivuna, ni lake. Asipovuna, linarudi kwa Kule. Niliwapinga mbele yao, hoja baada ya hoja. Hawakuweza kunijibu. Hawakubadilika pia.

Sasa ugonjwa wenyewe. Betri nzima, imewasha balbu. Fyuzi nzima. Ukivuta kifyatuo kuna sauti ya *ta*, kisha kimya. Waya hazijakatika. Basi ni mota. Inakaa ndani ya mpini. Nimefungua skrubu mbili za kitako, kifuniko kikatoka, mota ikashuka mkononi kama jino. Nimechomoa waya nyekundu na nyeusi. Nimeiunganisha moja kwa moja na betri. Imetetemeka. Haikuzunguka.

Nimekasirika kuliko inavyostahili.

Jumanne, 6 Juni

Mbambu amekuja na boda, matope hadi magotini. Amekuta mota juu ya gazeti na bunduki ina tundu kwenye mpini.

"Kaka, imepona?"

Nikaanza kumweleza. Ndani ya mota kuna vipande viwili vya kaboni, springi inavisukuma viguse shaba inayozunguka. Kimoja kimeisha. Akanikatiza.

"Mahindi yana maziwa. Jana walikaa juu ya mawe wanayachagua kwa macho."

Nikasema asubiri hadi wikendi. Bila mota ile ni plastiki tupu.

"Nyani hajui mota," akasema. "Wewe bishana nayo. Mimi naondoka na umbo."

Nikamwonya kuhusu doria. Akacheka. Askari wa doria wanamjua, wanamwita Mzee. Kila asubuhi: Shikamoo, Mzee! Na yeye anaitikia kwa sauti nzito. Akaitikia hivyo hapa sebuleni. Biira, mke wangu, alicheka hadi akashika ukuta.

Akaizungushia kitenge akaondoka. Mota imebaki mezani kwangu.

Jumatano, 7 Juni

Redioni leo. Nimewachapa. Mada: doria. Nimesema askari anayemwogopa mkulima mwenye jembe hana haki ya kula mahindi ya mkulima huyo. Simu zimepigwa mfululizo. Mtangazaji alikuwa anatoa jasho. Nimetoka studio nikitembea kama kijana.

Mota bado.

Alhamisi, 8 Juni

Wamemkamata.

Masika, jirani yake, amepiga simu asubuhi. Kikosi cha doria kimebadilishwa. Wapya hawamjui Mzee yeyote. Jana alfajiri waliona mtu mwenye koti na bunduki kando ya hifadhi. Wakamlaza kifudifudi. Kofia ikaanguka, zikaonekana nywele zilizosukwa, na hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Mwanamke aliyejigeuza mwanamume. Anaficha nini?

Jana alfajiri. Nilipokuwa natamba redioni alikuwa tayari ndani.

Nilichukua mota na betri nikaenda kituoni. Afande yuko nyuma ya meza, bunduki ya Mbambu mbele yake. Nikamweleza ni ya kuchezea.

"Ya kuchezea inatembea na nini?"

Mota na betri, nikasema. Akaigeuza, akachungulia ndani ya mpini. Tupu.

"Mota iko wapi?"

Nikaitoa mfukoni. Nikaiweka mezani kama wakili anayeweka ushahidi wa kumaliza kesi. Mjinga mimi.

"Kumbe. Sista iko na bunduki, kaka iko na mashine yake. Munagawana kazi."

Nikaanza kumpa mantiki. Bunduki ya kweli haina mota. Uwepo wa mota ndio ushahidi. Aliinamisha kichwa akisikiliza, nikadhani namshawishi.

"Ongea tena."

"Niongee nini?"

"Sauti hii naijua. Wewe ndio ile mtu ya redio ya jana."

Askari wote wakageuka. Sijawahi kujutia kuwa na wasikilizaji. Leo nimejuta.

Afande hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alinirudishia mota kwa kidole, kama mtu anayesukuma mfupa pembeni mwa sahani. "Mzee, mambo iko rahisi. Kama iko ya watoto, icheze. Ikicheza mbele yangu, huyu mama anaenda nyumbani. Ikikataa, anapanda gari, anaenda mbali. Kesho iko sikukuu. Kuja Mande." Yaani Jumatatu.

Nilimwona Mbambu mlangoni mwa mahabusu. Bado amevaa koti. Hakuuliza atatoka lini. Aliuliza: "Nani yuko shambani?"

Nikamwambia asijali, nitamtoa, nitawaaibisha wote. Sikujibu alichouliza. Naona sasa ninapoandika.

Naandika Kiswahili kwa ukaidi. Wengi huku wanasema ni lugha ya askari na wezi. Mama yetu alitoka Butembo, Kongo, ndiyo lugha aliyotubembelezea sisi wawili. Leo nimeisikia ikimhukumu binti yake, na sikuwa na lugha nyingine ya kumtetea.

Ijumaa, 9 Juni

Sikukuu ya Mashujaa. Ofisi zimefungwa ili tuwaenzi waliopigania uhuru wetu. Dada yangu ameiadhimisha akiwa ndani.

Nimekwenda Bwera, soko limejaa. Samaki wakavu, maharage, vitenge, chumvi ya Katwe. Mama Kavira nilimkuta juu ya gunia lake, rozari shingoni, anabishana na wateja watatu kwa mara moja. Nilipomwambia alishika kichwa.

"Yesu! Banamufunga mutu juu ya kitu ya batoto? Ule mama mupole? Hata mwanangu ya miaka minne anajua hii haiko bunduki!"

Nikamwomba mota nyingine. Alimwaga sanduku zima miguuni pangu. Magari madogo, feni ya mezani, mashine ya kunyoa, mdoli anayelia. Tulijaribu zote. Ndogo mno au ndefu mno. Alizipima kwa kidole kando ya mota yangu huku akitukana kila moja.

"Hii moteur haipo, papa. Lakini ngoja." Akavunja mashine ya kusagia matunda kwa jiwe, akatoa kaboni mbili nene. "Ukwangue pole pole. Itaingia. Nasali juu ya mama."

Hakutaka chochote. Nikaona aibu kwa mambo niliyowahi kuandika kuhusu wachuuzi wa mpakani.

Nikirudi, gari la abiria lilisimama Kinyamaseke kushusha abiria. Kutoka pale hadi shambani kwa Mbambu si mbali. Nilitazama njia. Sikushuka. Jua lilikuwa bado juu, ningefika mapema nyumbani kukwangua kaboni. Mota kwanza.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekwangua kaboni kwenye saruji ya kizingiti tangu asubuhi. Ukizidisha kidogo inalegea, ukipunguza inakwama. Moja imevunjika. Nikatukana kwa lugha zote. Ile ya pili imekaa. Ya tatu nimeipata kutoka kipande kilichovunjika. Nimesafisha shaba kwa kitambaa chenye petroli, nikanyoosha springi, nikafunga.

Betri. Nyekundu kwa nyekundu.

Imezunguka!

Nimepiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Biira alitoka jikoni na mwiko. Nikamwonyesha. Mlio mwembamba, wa hasira, mzuri. Sijafurahi hivi tangu nilipochapisha kijitabu changu cha kwanza.

Nimeandika pia hotuba ya kusema Jumatatu mbele ya afande, kuhusu dola inayoogopa plastiki. Nimemsomea Biira. Alisikiliza yote.

"Baba Baluku, Jumatatu nenda na mota. Ulimi uuache hapa na mimi."

Jumapili, 11 Juni

Masika amepiga simu. Nyani wameingia. Wameanza upande wa mawe. Yeye na binti yake walipiga madebe. Nyani waliwatazama.

Nimempigia Kule. Nimemwomba asimame shambani asubuhi mbili tu, kama ndugu.

"Shamba la nani?" akauliza.

La mke wa ndugu yako.

"Si mlisema ana bunduki?"

Akakata. Nimemtungia majibu ya kumuua, mchana kutwa. Hayana pa kwenda.

Kesho Mbambu atatoka, na keshokutwa alfajiri atakuwa shambani mwenyewe.

Jumatatu, 12 Juni

Nimeifunga mota mbele yao. Afande, askari sita au saba, mfungwa mmoja aliyekuwa anafagia. Waya nyekundu, waya nyeusi, mota ndani, kifuniko, skrubu mbili. Halafu ile ya katikati, inayoisukuma mota juu hadi meno yake yaumane na gia. Nikavuta kifyatuo. Ililia kama mbwa aliyekanyagwa. Hakuna kilichotoka.

"Imekataa," afande akasema.

Jasho likaniingia machoni. Nikajua ni nini. Skrubu ya katikati nimekaza mno. Nikalegeza robo. Nikaomba ukuta wa kulenga. Wakanipa ukuta.

*Trrrrrr.*

Vigololi vyeupe vikaruka kila upande, vikagonga sufuria la chai, kimoja kikaingia kikombeni mwa afande. Kisha walicheka. Walicheka watu wazima wale hadi wakashikana mabega. Na mimi nikacheka. Ulimi wangu ulikuwa nyumbani kwa Biira na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

"Imecheza," afande akasema. "Sawa, mzee. Lakini mukubwa wangu lazima aone na macho yake. Anakuja Jumatano. Iache hapa."

Ulisema ikicheza anakwenda, nikasema.

"Nimesema mbele yangu. Sasa itacheza mbele yake. Ni ileile."

Si ileile. Nikampitishia Mbambu chakula. Nikamwambia imefanya kazi. Akauliza yamebaki mahindi mangapi. Nikamwambia mengi. Nilidanganya bila kujua.

Nilipofika getini nilisikia nyuma yangu *trrrr*, na kicheko, na mtu akisema leta na mimi nijaribu.

Niliona ni dalili njema.

Jumanne, 13 Juni

Masika: zimebaki safu za juu.

Jumatano, 14 Juni

Sikwenda redioni. Wamepiga nyimbo mahali pangu.

Mkubwa amefika, mtu mrefu, mchovu, miwani imeteleza puani. Akapewa bunduki. Akavuta kifyatuo.

*Ta.*

Akavuta tena. *Ta.*

Afande alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshasikia harufu. Niliomba bisibisi, nikafungua, mota ikatoka ikiwa nyeusi. Waya za ndani zimeungua kama maharage yaliyosahauliwa motoni. Siku mbili wameichezea. Kituo kizima. Vigololi vilikuwa bado vimetapakaa hadi chini ya kabati.

Hapo ulimi ukarudi kutoka kwa Biira kwa miguu yake.

Nilisema kila kitu. Kuhusu kaboni ya Mama Kavira, kuhusu kizingiti changu, kuhusu wanaume wenye bunduki za kweli wanaoiba za uongo. Nilisema mwanamke anaoza ndani kwa sababu ya nyani, na nyani wenyewe wana adabu zaidi, wanakula wakishiba wanaondoka. Afande alisimama. Nikajua ndiyo mwisho. Sasa mimi na Mbambu, sote wawili, tunapanda gari.

Mkubwa hakunitazama. Alikuwa anamtazama koplo mmoja mnene karibu na mlango, kope lake limevimba kama nyanya.

"Koplo. Jicho imepata nini?"

"Nyuki, afande."

"Nyuki ya rangi gani?"

Koplo alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, maskini.

"Nyeupe, afande."

Kituo kizima kilipasuka. Hata mkubwa alivua miwani akajifuta macho. "Na wewe ungali hai," akasema. "Basi kweli iko ya watoto. Fungua huyo mama."

Ndivyo alivyotoka. Si kwa mantiki yangu. Si kwa mota yangu. Kwa kope la koplo.

Mkubwa alimwambia Mbambu asivae tena nguo za kiume. Mbambu akasema, "Afande, nikivaa gauni la gomesi nyani watakula." Mkubwa alikuwa ameshaelekea kwenye gari lake. Koti wamelichukua. Bunduki wamebaki nayo.

Tulipanda boda mbili kwenda kwangu. Alioga. Alitaka kuondoka jioni ileile. Nikamzuia, nikamwambia apumzike, asubuhi tutakwenda wote.

Alhamisi, 15 Juni

Hakuna shamba.

Nyani hali kama mtu. Anavunja gunzi, anauma mara moja, anatupa, anavunja jingine. Mabua yamelala pande zote kama baada ya mvua ya mawe. Nilitafuta gunzi zima. Nilipata machache, madogo, kwenye kona ya mgomba.

Mbambu alitembea safu zote, hadi mwisho, akarudi. Hakulia. Kule alikuwa ameketi mpakani juu ya jiwe, fimbo mapajani.

"Pole, shemeji," akasema. Kwa upole kabisa. Afadhali angekejeli. Ningejua la kufanya.

Nikaanza kusema. Sijui nilikuwa nasema nini. Serikali, hifadhi, fidia ambayo haiji, doria. Mbambu aliniacha nikamaliza. Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anayekumbusha chumvi:

"Kaka. Ungesimama tu."

Sikuelewa.

"Wewe ni mwanamume. Wangekuona wakarudi. Hata bila bunduki. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Ungesimama tu hapa."

Mimi. Nina miaka hamsini na kitu, kitambi, miwani. Nimesoma vitabu vya watu waliokufa zamani katika nchi nisizoziona. Ningeweza kuleta kimoja, kiti, na thermosi ya chai. Nikae pale kwenye mawe nisome. Ingetosha. Nyani wangeniona wakarudi hifadhini, na shamba lingebaki lake.

Sikuwaza. Haikunijia hata mara moja. Nilikuwa na mota.

Jumapili, 18 Juni

Baraza limekaa leo baada ya misa, nyumbani kwa Kule. Hilo peke yake lilitosha kujua.

Nimezungumza. Biira alikuwepo, hakunizuia safari hii. Sijawahi kuzungumza vizuri hivyo maishani. Nilionyesha kwamba aliyemnyima msaada ndiye anayenufaika. Nilionyesha kwamba kipimo walichoweka ni cha nyani, si cha watu: nyani ndiye aliyeamua kuwa mwanamke hatoshi, na ukoo umeketi kugonga muhuri uamuzi wa nyani. Kuna aliyeguna. Kuna aliyesema, "Huyu mtu ana maneno." Kule alitazama chini. Nilishinda kila hoja.

Halafu mzee mmoja, si mbaya, si mzuri, anayetaka kwenda kula, akauliza kitu kimoja. "Na wewe, mwenye maneno, ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo.

Shamba limekwenda kwa Kule. Mbambu atabaki na nyumba hadi msimu ujao, kisha wataona. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema ana jembe lake ndani ya stoo ya marehemu, anaomba alichukue.

Jumatano, 21 Juni

Mtangazaji amenipigia. Wasikilizaji wananiuliza. Nimemwambia sina mada.

Amedhani naumwa.

Ijumaa, 23 Juni

Mbambu hakukubali kubaki kwenye nyumba ya kusubiri kufukuzwa. Ameletwa na boda, godoro nyuma, sufuria, jembe. Amepewa chumba cha nyuma. Anamsaidia Biira kwenye duka letu. Mbambu anajua kuuza, wateja wanampenda. Kwenye chakula anazungumza mambo ya kawaida. Kwangu ni mpole. Upole huo siuwezi.

Nimejaribu kuandika makala kuhusu wajane na ardhi. Kila sentensi ni kweli. Nimeichana.

Jumapili, 25 Juni

Imenyesha usiku. Kumepoa.

Niliamka kabla jua halijatoka, nikasikia mlango wa nyuma. Nikachungulia dirishani. Mbambu alikuwa uani, kwenye ua wa michongoma, amejitanda blanketi, anatazama upande wa bonde. Hapa hakuna mahindi. Hakuna nyani. Kuna barabara, kituo cha mafuta, na bodaboda wa kwanza wanawasha pikipiki. Biira anasema hufanya hivyo kila siku tangu aje. Mwili umezoea saa.

Nilitoka. Nyasi zilikuwa na maji, viatu vililowa. Nikaenda nikasimama kando yake.

Alinitazama kidogo, akarudisha macho bondeni.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Tulisimama mpaka kukapambazuka, kisha akaenda kuwasha moto.